Boksi la Sabufa Lipimweje?

Siku hizi sabufa zimeenea pwani yetu. Ukipita Somanga, Kilwa Kivinje, Kilwa Masoko, Mchinga au Lindi mjini wakati wa jioni, utazisikia. Ziko kwenye saluni za kunyolea, kwenye mikahawa na majumbani. Nyingine hutumia umeme wa nguzo, nyingine hutumia sola na betri. Baada ya kuuza ufuta au korosho, watu huwa na fedha mkononi. Hapo harusi huwa nyingi, na sabufa hukodishwa kila wiki.

Sabufa ni spika ya sauti nene. Sauti hiyo nene tunaiita besi. Spika ndogo hutoa sauti ya mwimbaji na ya zumari. Sabufa hutoa mdundo wa chini, ule unaousikia kifuani.

Mara nyingine spika ya sabufa huungua au hupasuka. Mwenye sabufa hufanya nini? Huenda dukani akanunua spika nyingine yenye upana uleule. Ya zamani ilikuwa inchi 10, na mpya ni inchi 10. Skrubu zinaingia vizuri. Lakini muziki ukianza, sauti si ile. Pengine besi inavuma namna moja tu, vuu, vuu, kwa kila wimbo. Pengine spika inagonga, ta, ta, ta, na baada ya wiki chache imepasuka tena. Watu husema, "Spika za siku hizi ni feki." Kweli, feki zipo. Lakini mara nyingi spika haina kosa. Boksi ndilo halilingani nayo, na fedha imepotea mara mbili.

Fundi seremala naye hupata taabu. Kijana humwendea na kusema:

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu."

"Nina spika hapa. Naomba unitengenezee boksi kubwa."

"Kubwa kiasi gani?"

"Kubwa tu, mzee wangu. Likiwa kubwa, besi itaongezeka."

"Kubwa tu" si kipimo. Fundi atakata mbao kwa kukisia, na mbao ni ghali. Kipimo chenyewe kipo, na kinapatikana kwa hesabu ya kuzidisha na kugawanya. Tutumie tepu, kalamu na karatasi.

Kwa nini spika inahitaji boksi?

Sauti ni hewa inayotetemeka. Mpiga ngoma akipiga ngozi, ngozi hutetemeka, nayo hutetemesha hewa. Hewa hiyo ikifika sikioni, tunasikia ngoma. Spika haina ngozi. Ina koni, yaani lile karatasi nene lililo mbele. Koni huenda mbele na kurudi nyuma. Kwa besi nene huenda na kurudi kama mara 40 katika sekunde moja. Kwenye karatasi za spika utaona herufi Hz. Maana yake ni mitetemo kwa sekunde.

Sasa tufikiri. Koni inapokwenda mbele, inasukuma hewa iliyo mbele yake. Wakati huohuo inavuta hewa iliyo nyuma yake. Ile hewa iliyosukumwa hupita ukingoni mwa spika na kwenda kujaza nafasi ya nyuma. Msukumo na mvuto vinakutana na kuuana. Besi inapotea.

Unaweza kuliona jambo hili mwenyewe. Shika spika mkononi bila boksi, uifungulie muziki kwa sauti ndogo. Utasikia sauti nyembamba kama ya mbu. Kisha chukua ubao mpana, kama mlango wa kabati, wenye tundu la kutosha spika. Weka spika kwenye tundu hilo. Mara besi inarudi. Ubao umezuia hewa ya mbele isikutane na ya nyuma.

Boksi hufanya kazi kama ya ubao huo. Lakini boksi linaleta jambo jingine, nalo ndilo linalowashinda wengi. Ndani ya boksi kuna hewa iliyofungwa.

Hewa iliyofungwa ni springi

Chukua pampu ya baiskeli. Ziba tundu lake kwa kidole, kisha sukuma mpini. Mwanzoni mpini unaingia kwa urahisi. Kadiri hewa ya ndani inavyobanwa katika nafasi ndogo, mpini unakuwa mgumu. Ukiuachia, unarudi wenyewe. Hewa imefanya kazi ya springi. Hewa nyingi ni springi laini. Hewa kidogo ni springi ngumu.

Spika yenyewe pia ina springi yake. Ni ule ukingo wa mpira au wa kitambaa unaoshika koni, pamoja na kitambaa chenye mikunjo kilicho nyuma yake. Ukiifunga spika kwenye boksi, springi zinakuwa mbili.

Boksi likiwa dogo mno, springi ya hewa ni ngumu. Koni haiwezi kutetemeka polepole. Sauti nene kabisa hazitoki, na zile zilizo juu yake kidogo zinavuma kupita kiasi. Hiyo ndiyo vuu, vuu.

Boksi likiwa kubwa mno, springi ya hewa ni laini sana. Koni inaachiwa. Ukisikiliza kwa sauti ndogo utaipenda, maana besi inashuka chini sana. Lakini usiku wa harusi ukifika, na mtu akafungua amplifaya mpaka mwisho, koni inakwenda mbali kuliko inavyoweza. Koili yake inagonga chuma cha sumaku. Ukingo unachanika. Muziki unakatika na wageni bado wapo.

Nadhani ngoma ndiyo iliyotupotosha. Ngoma kubwa ina sauti nene, na ngoma ndogo ina sauti nyembamba. Kwa hiyo mtu hufikiri kwamba boksi nalo ni hivyo hivyo. Lakini ngoma na boksi la spika si ndugu. Mzinga wa ngoma unatakiwa uimbe pamoja na ngozi. Kibuyu cha zeze kinatakiwa kiimbe pamoja na uzi. Boksi la sabufa linatakiwa linyamaze, koni peke yake iimbe. Weka kiganja juu ya boksi wakati muziki unapigwa. Ukisikia ubao unatetemeka sana, jua kwamba ubao ni mwembamba au boksi halikukazwa.

Zamani hata mafundi wa Ulaya na Marekani walitengeneza maboksi kwa kujaribujaribu. Spika za besi zilifungwa katika masanduku makubwa kama makabati. Mwaka 1954 Mmarekani mmoja, Edgar Villchur, alionyesha spika yenye boksi dogo lililofungwa kabisa. Alitumia koni yenye ukingo laini, akaiacha hewa ya boksi iwe springi. Watu walishangaa kusikia besi nene ikitoka katika boksi la kuweka juu ya rafu. Baadaye mafundi wawili waliofanya kazi Australia, Neville Thiele mwaka 1961 na Richard Small katika miaka ya 1970, walionyesha kwamba tabia ya spika inaweza kuandikwa kwa namba chache. Ukizijua namba hizo, unapiga hesabu ya boksi kabla ya kushika msumeno. Viwanda vya spika vinatumia njia hiyo mpaka leo.

Namba tatu za spika

Spika nzuri huuzwa pamoja na karatasi yake. Usiitupe karatasi hiyo. Tafuta namba tatu.

Ya kwanza inaitwa Fs. Hii ni mitetemo ya spika yenyewe ikiwa nje ya boksi. Kila bembea ina mwendo wake. Vivyo hivyo kila koni ina mwendo wake.

Ya pili inaitwa Vas. Namba hii huandikwa kwa lita. Inaonyesha ulaini wa springi ya spika kwa kuulinganisha na hewa. Spika yenye Vas ya lita 50 ina springi yenye ugumu sawa na hewa ya lita 50 iliyofungwa. Kwa spika za upana mmoja, iliyo laini ina Vas kubwa, na iliyo ngumu ina Vas ndogo.

Ya tatu inaitwa Qts. Hii inaonyesha jinsi koni inavyotulia baada ya kusukumwa. Bembea moja ukiisukuma inasimama upesi. Nyingine inaendelea kuyumba. Qts ndogo ni koni inayotulia upesi. Qts kubwa ni koni inayoyumbayumba.

Angalia kwamba inchi hazimo katika namba hizi. Spika mbili za inchi 10 zinaweza kuwa na Vas na Qts mbalimbali kabisa. Inchi hukuambia upana wa spika. Hazikuambii ukubwa wa boksi.

Tupige hesabu

Tuseme spika yetu ni ya inchi 10. Fs yake ni 28. Vas yake ni lita 50. Qts yake ni 0.5. Tunataka boksi lililofungwa, lisilo na tundu la hewa.

Koni ikishafungwa ndani ya boksi, Q yake hupanda. Mafundi wengi hupenda ifike 0.7. Hapo besi haivumi, wala haifi. Basi tunafanya hivi:

0.7 gawanya kwa 0.5 ni 1.4.
1.4 zidisha kwa 1.4 ni 1.96.
1.96 toa 1 ni 0.96.
Lita 50 gawanya kwa 0.96 ni lita 52.

Boksi letu liwe na hewa ya lita 52. Kwa debe la lita 20, ni madebe mawili na zaidi kidogo ya nusu. Sasa zidisha Fs kwa ile 1.4 ya kwanza. Utapata 39. Maana yake besi itatoka vizuri mpaka mitetemo 39 hivi kwa sekunde. Chini ya hapo itapungua upesi.

Tuseme duka lina spika nyingine ya inchi 10. Vas yake pia ni lita 50, lakini Qts ni 0.35.

0.7 gawanya kwa 0.35 ni 2.
2 zidisha kwa 2 ni 4.
4 toa 1 ni 3.
Lita 50 gawanya kwa 3 ni lita 17 hivi.

Umeona? Upana ni mmoja, na skrubu ni zilezile. Lakini spika moja inataka lita 52 na nyingine lita 17. Ukitia spika ya kwanza katika boksi la pili, itavuma vuu, vuu. Ukitia ya pili katika boksi la kwanza, besi itakuwa kavu na haba.

Ukikuta Qts ni 0.7 au zaidi, hesabu hii haitoki. Usiinunue spika hiyo kwa boksi lililofungwa.

Usihangaike kwa lita moja au mbili. Boksi likizidi au likipungua sehemu moja ya kumi, sikio halitambui.

Kutoka lita kwenda kwenye mbao

Lita 1 ni sawa na sentimeta za ujazo 1,000. Kupata lita za boksi, zidisha urefu kwa upana kwa kimo, vyote kwa sentimeta, kisha gawanya kwa 1,000.

Kumbuka kwamba spika yenyewe inachukua nafasi ndani ya boksi, hasa sumaku yake. Mbao za kukazia pembe nazo zinachukua nafasi. Kwa mfano wetu, tuseme vyote pamoja ni lita 4. Basi boksi liwe na lita 52 na 4, yaani lita 56.

Chagua vipimo. Sentimeta 40 kwa 40 kwa 35 ni 56,000. Gawanya kwa 1,000, unapata lita 56. Vipimo vingine vinavyotoa lita 56 navyo vinafaa. Kwa besi umbo si jambo kubwa, mradi sumaku isiguse ubao wa nyuma. Acha angalau sentimeta chache hapo.

Hapa kuna kosa linalofanywa na mafundi wazuri kabisa. Fundi anaambiwa 40 kwa 40 kwa 35. Anapima kwa nje, kama anavyopima kabati. Ubao wake una unene wa sentimeta 2, na ubao uko pande zote mbili. Basi ndani panabaki 36 kwa 36 kwa 31. Hesabu: 36 mara 36 mara 31 ni 40,176. Hizo ni lita 40 tu. Lita 16 zimeliwa na mbao! Mwambie fundi vipimo vya ndani. Au ongeza sentimeta 4 kwa kila upande, umpe vya nje: 44 kwa 44 kwa 39.

Na kama boksi liko tayari, na umbo lake ni la ajabu lisilopimika kwa tepu? Toa spika na waya. Lilaze boksi, tundu likiwa juu. Ziba tundu la bomba kama lipo. Mimina mahindi makavu kwa debe, ukihesabu, mpaka yajae. Madebe mawili ni lita 40. Ukimaliza, toa punje zote, maana punje moja iliyobaki italia kila besi ikipigwa.

Mbao gani?

Plaiwudi nene ya milimeta 18 inafaa zaidi. Chipbodi ni rahisi, lakini katika hewa ya bahari hunyonya unyevu ikavimba, na skrubu zikalegea. Mbao za mninga ni nzuri kwa macho, ila ubao mzima huweza kutanuka na kunywea kidogo. Mpingo wa misitu ya Kilwa tuuache. Ni mzito mno, na wanaoujua huutengenezea klarineti.

Viungo vyote vipakwe gundi na kukazwa kwa skrubu. Boksi lililofungwa lisivuje hewa hata kidogo. Kulijaribu, sukuma koni polepole kwa vidole vya mikono yote miwili, kisha iachie. Ikirudi taratibu, boksi limeziba. Ikirudi mara moja, kuna mahali panavuja. Tafuta ufa, uzibe kwa gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao.

Boksi lenye bomba

Sabufa nyingi za dukani zina tundu lenye bomba. Ili kuelewa kazi yake, chukua chupa ya soda iliyo tupu. Puliza juu ya mdomo wake. Inatoa sauti nene. Tia maji nusu, upulize tena. Sauti imepanda, kwa sababu hewa ya ndani imepungua. Boksi lenye bomba ni kama chupa hiyo. Linaisaidia koni kwenye sauti moja ya chini, kwa hiyo besi inakuwa na nguvu zaidi.

Lakini bomba na boksi lazima vilingane. Boksi la lita 60 lenye bomba la upana wa sentimeta 10 na urefu wa sentimeta 25 litaimba kwenye mitetemo 35 hivi. Ukikata bomba liwe fupi, sauti itapanda. Ukiweka refu zaidi, itashuka. Na chini ya sauti hiyo, hewa inatoka na kuingia bure kwenye bomba, koni haina springi ya hewa, inapigapiga kama tanga lililolegea. Hapo spika nyingi hufa. Kwa mtu anayeanza, namshauri boksi lililofungwa.

Kama umebadilisha spika katika sabufa yenye bomba na sauti imekuwa mbaya, fanya jaribio lisilo na gharama. Ziba bomba kwa kitambaa kilichokazwa vizuri, usikilize tena. Mara nyingi inatosha.

Kama spika haina namba

Spika nyingi za bei rahisi huja bila karatasi. Hapo tunakisia, lakini tukisie kwa akili. Kwa boksi lililofungwa, spika ya inchi 8 mara nyingi huhitaji lita 10 mpaka 25. Ya inchi 10 huhitaji lita 20 mpaka 50. Ya inchi 12 huhitaji lita 30 mpaka 60 au zaidi. Tengeneza boksi la upande mkubwa, kwa sababu kupunguza hewa ni rahisi na kuongeza ni vigumu. Kisha ongeza vipande vya mbao ndani, kidogo kidogo, ukivikaza visilie. Sikiliza kila mara kwa wimbo uleule. Koni ikiacha kugonga na besi ikawa bado safi, simama hapo.

Ukipitiliza, boksi likawa dogo kidogo, tia ndani pamba au sufi kama ya mto, bila kuishindilia, na isiguse koni. Hewa iliyo ndani ya sufi hulainika kidogo, na boksi hufanya kazi kama limeongezeka sehemu moja ya kumi au zaidi kidogo.

Wenye kukodisha muziki huuliza: uwanjani besi inapotea, je, tuongeze boksi? Hapana. Ndani ya nyumba kuta zinarudisha besi, na uwanjani hakuna kuta. Sogeza sabufa karibu na ukuta wa nyumba, au kwenye kona ya kuta mbili. Ikiwa bado haitoshi, ongeza spika ya pili ya aina ileile. Spika mbili katika boksi moja zinahitaji hewa mara mbili. Kama moja inataka lita 52, mbili zinataka lita 104.

Maswali

1. Boksi lina vipimo vya ndani vya sentimeta 50 kwa 40 kwa 30. Lina lita ngapi? Ni madebe mangapi ya lita 20?

2. Boksi lina vipimo vya nje vya sentimeta 44 kwa 34 kwa 34. Unene wa mbao ni sentimeta 2. Ndani mna lita ngapi?

3. Spika ina Vas ya lita 30 na Qts ya 0.35. Boksi lake lililofungwa liwe na hewa ya lita ngapi?

4. Tafuteni sabufa moja kijijini, kwa ruhusa ya mwenyewe. Pimeni boksi lake kwa tepu, kisha kwa mahindi. Je, majibu yanakaribiana?

Majibu: swali la 1, lita 60, madebe 3; swali la 2, lita 36; swali la 3, lita 10.